Straika Wetu Tumuuze, Tusimuuze?

Ndugu zangu, ukiitwa kwenye kamati ya usajili ya timu ya mtaa, sema unasafiri. Hapa Mabatini, Mwanza, usingizi umenipaa, kisa watu wa Igoma wanamtaka straika wetu. Wanatoa kipa kijana, jezi seti moja na soda kreti mbili.

Umri wake? Kwenye fomu ana miaka 29. Kifungua mimba wake anaendesha bodaboda Buzuruga, leseni anayo, watoto anao. Piga hesabu mwenyewe. Siku ya mechi harufu ya dawa ya kuchua inatangulia uwanjani, yeye anafuata. Anakaa chini, anafunga goti kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, anazungusha, anavuta, anazungusha tena, refa anapuliza filimbi bado anatafuta pa kuchomekea ncha.

Kinyozi wangu kageuka mchambuzi. Mashine iko kisogoni kwangu, yeye anahubiri: "Real Madrid walimuuza Ronaldo 2018 ana miaka 33, wakavuta euro milioni 100. Uzeni jina likiwa bado linalipa!" Wa kiti cha pili akadakia: Pepe, beki wa Ureno, je? Si kacheza Euro 2024 ana miaka 41? Wakabishana mpaka nikatoka na kipara upande mmoja, na hela nimelipa kamili.

Wote hao hawajui kiini cha tatizo. Tatizo ni jiwe. Mji wenyewe huu mnaujua, miamba kila kona, na uwanja wetu una jiwe lake kulia karibu na boksi. Huyu mzee hamkimbizi mtu. Anaupiga mpira kwenye jiwe, unamrudia, beki kashapotea, goli. Jiwe halijawahi kumnyima pasi, sio kama winga wetu. Mpeleke kwenye uwanja tambarare, hapo umepeleka harufu ya dawa tu.

Mwenyekiti anachekelea: "Tumewapiga!" Umewapiga nini wewe? Mzunguko wa pili wanakuja kwetu, na watakuja naye. Jiwe tutalificha wapi?

Nikasema basi aende kwa mkopo, maana Ligi Kuu ya Uingereza mchezaji wa mkopo haruhusiwi kuikabili timu iliyomkopesha. Katibu akaniangalia juu mpaka chini: "Unamkopesha babu wa watu?" Mweka hazina naye hataki kusikia mkopo, soda keshazipangia kipaimara cha binti yake.

Jana tukamfuata mwenyewe Mwaloni. Tukamkuta na gunia la dagaa begani, goti halina hata uzi, anachanja mbuga kuelekea kwenye fuso, vijana wanamwachia njia. Nikabaki mdomo wazi. Nikamuuliza, mzee wangu, mbona uwanjani hukimbii hivi?

"Huku nalipwa, ng'wanawane."