Sanduku la mahari lililogoma Wete

Kabla hamjanitumia tena ile video, nakuombeni mnisikilize mwenyewe. Rafiki yangu (mnamjua, yule wa simu yenye kioo cha ufa) keshaitembeza kwenye magrupu yote toka Bububu mpaka Makunduchi, na maneno aliyoyaandika chini yake ni uongo mtupu. Hatukulipasua sanduku kwa panga. Panga halikuguswa. Kilichotumika nitakwambieni, na laiti lingekuwa panga.

Mdogo wangu kaposa Wete. Posa ilikubaliwa kabla ya Ramadhani, tukapangiwa kupeleka mahari Mfunguo Mosi. Mie nilikuwa nimenunua msumeno wa mtumba, basi kichwa kikavimba. Nikasimama mbele ya familia nikasema pesa za mahari ya mdogo wangu haziendi Pemba ndani ya bahasha ya kaki. Zitakwenda kwenye sanduku la mbao la kufungua kwa namba, kazi ya mkono wangu. Mama akasema mashaallah. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Msumeno wenyewe, kwa wasioujua, ni wa umeme, unakaa mezani, ubapa wake mwembamba kama uzi, unapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Unatoboa tundu, unaupitisha ubapa, unakata nakshi kati ya ubao bila kuugusa ukingo. Raha tupu, ila bapa zinavunjika. Nimevunja kumi na moja. Muuzaji wangu wa Darajani akiniona natokea kwa mbali anazitoa kabla sijasalimia.

Ndani nilitia visahani vitatu vya mbao kwenye mhimili mmoja. Kila kimoja kina namba 0 mpaka 9 na pengo moja ukingoni. Mapengo yote matatu yakikaa mstari mmoja, komeo linaangukia humo na kifuniko kinaachia. Mwizi akitaka kubahatisha ana namba 1,000 za kujaribu. Nilikuwa nawahesabia watu barazani hizo 1,000, mpaka wakawa wananikimbia. Kati ya kisahani na mwanya wake niliacha nafasi ya unene wa karatasi, vikawa vinazunguka kama tasbihi mkononi. Mbao ilikuwa ya mwembe, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. (Mafundi, najua. Tulieni kwanza.)

Sasa, kazi yote hiyo niliifanya wakati wa kaskazi, jua la kukausha dagaa. Safari tukaenda masika. Boti ya asubuhi, Malindi ya Unguja mpaka Mkoani, mie nje na sanduku mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki, mvua ya juu, mawimbi ya ubavuni. Ami akaniambia liingize ndani. Nikamjibu, Ami, sanduku hili, kitu hakiliingii.

Haya. Ukumbi. Wazee wao saba upande ule, sisi wanne upande huu, haluwa katikati, kahawa inamiminwa. Babu wa bibi harusi kakaa na bakora yake pajani. Ami kasema maneno mazuri, kamalizia kwa kuninyooshea mkono: "Na kijana wetu huyu ni fundi." Babu akatikisa kichwa. "Tufungulie, mwanangu, tuhesabu."

Nikalisogeza mbele. Bismillahi. Kisahani cha kwanza kikazunguka, lakini kwa kunung'unika. Cha pili nikakisukuma kwa dole gumba. Kimya. Nikatabasamu. Nikasukuma kwa madole gumba mawili. Nikaacha kutabasamu. Nikakichokonoa kwa ukucha, ukucha ukavunjika, tak! na mzee mmoja akaacha kutafuna haluwa.

"Namba unaikumbuka lakini?" Ami akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika msikitini.

"Naikumbuka, Ami."

"Jaribu 1964," akasema mzee wa upande wao. Nikamweleza kwa adabu kwamba visahani viko vitatu tu. Akafikiri. "Basi weka 196, ile nne tutaisema kwa mdomo."

Sikucheka. Jasho lilikuwa linanidondokea juu ya kifuniko, maji juu ya maji. Nyuma ya pazia wanawake nao wakaanza, kwanza kikohozi kimoja, kisha kikohozi cha watu kumi. Halafu pazia likafunguka kidogo, ukatoka mkono wenye bangili umeshika draya ya nywele. "Bibi harusi anasema jaribuni hii."

Jamani. Draya ya bibi harusi. Nikaipokea. Ningefanyaje? Nikawa napuliza mahari mbele ya wakwe, wazee saba wameduwaa, na rafiki yangu kona ile anarekodi. Nikahisi kisahani kimeanza kulegea, wallahi kimeanza, na umeme ukakatika. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Siku hiyo ukaamua kurudi kwao.

Ndipo mzee mmoja wa pembeni, tangu tuingie hajasema kitu, akaniambia, "Lete." Fundi wa ngalawa. Akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Mwembe huu?"

"Ndiyo, babu."

"Mwembe tunachongea ngalawa. Unakunywa maji, na ukinywa unatanuka mapana, marefu hautanuki. Visahani vyako saa hizi si duara tena, mayai hayo. Ungetumia plaiwudi." Kisha akaita jikoni: "Nipeni kisu."

Akaligeuza sanduku nyuma mbele. Bawaba mbili, skurubu nne, zote nilizipiga kwa nje kwa sababu ni za shaba na zinang'ara. Akazifungua moja moja kwa ncha ya kisu cha kumenyea muhogo, huku anaendelea kunywa kahawa yake. Haikufika dakika mbili. Kifuniko kikanyanyuka kwa nyuma, na namba 1,000 zikabaki mbele zinalinda.

Noti 200 za elfu kumi kumi zikahesabiwa, zimetimia, mkaja na kilemba vikatolewa, fatiha, biriani, boti. Ndoa imefungwa Ijumaa. Mdogo wangu mpaka leo akinipigia simu anaanza kwa kuvuma kama draya.

Sanduku nililiacha kulekule. Juzi kanipigia yule mzee wa 1964, anauliza bei, anataka na yeye la kwake, la kuwekea sukari na biskuti, wajukuu wamemshinda. Nikamwambia ukweli: babu, masika lile halifunguki.

Akasema ndilo hilohilo analolitaka, ila bawaba nizitie ndani.