Ulimi wa mtoto unafuata kinywa au lugha?

Mtoto wa miaka miwili anaonyesha picha na kusema "tutu". Baba anamwitikia, "Tutu?" Mtoto anakunja uso: "Si tutu. Tutu!" Baba anajaribu tena: "Kuku?" Uso unakunjuka. "Eee, tutu."

Mwaka 1960 wanasaikolojia Jean Berko na Roger Brown walieleza kisa cha aina hiyo kwa Kiingereza, cha mtoto aliyesema "fis" badala ya "fish", lakini mtu mzima alipomwiga hivyo akakataa. Sikio la mtoto limeshafika, ulimi bado uko njiani. Kinachobishaniwa ni nini kinachouchelewesha: maumbile ya kinywa, au lugha anayolelewa nayo?

Mwaka 1941 mwanaisimu Roman Jakobson alijibu kwamba watoto wote hupita njia moja. Huanza na irabu a na sauti za midomo kama p na m. Vipasuo, sauti zinazoziba pumzi kisha kuiachia kama p na t, hutangulia vikwamizo, zinazopitisha pumzi kwa mkwaruzo kama f na s. L na r huja nyuma kabisa. Hoja hii ina nguvu. Ulimi wa mtoto mchanga umejaa kinywani, hauna nafasi ya kucheza, ilhali kufunga na kufungua midomo ni kazi nyepesi. Ndiyo maana "mama" na "baba" zina ndugu zao katika lugha zisizo na undugu wowote. Katika Kijojia "mama" ni baba, na mama huitwa "deda": kinywa kimetoa sauti, wazazi wakagawana maana. Na r ya kimadende, inayotaka ulimi utetemeshwe na pumzi, huwasumbua watoto karibu kila inapotumika. "Ludi" hutangulia "rudi".

Lakini njia moja kwa wote? Hapo ndipo ninapomwacha. Mwaka 1987 Clifton Pye na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Guatemala wanaojifunza Kʼicheʼ, lugha ya Wamaya, hutamka ch na l mapema sana, wakati wenzao wa Kiingereza huchelewa kuitamka ch. Maelezo yao yananishawishi: katika Kʼicheʼ sauti hizo hubeba kazi kubwa ya kutofautisha maneno, kwa hiyo mtoto hukutana nazo kila dakika. Katika Kijapani, t kugeuka k kumeripotiwa pia, kinyume cha "tutu" wetu.

Mwaka 2018 Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walikusanya tafiti za lugha 27 zilizohusu watoto zaidi ya 26,000. Kufikia miaka mitano, konsonanti nyingi zilikuwa zimekaa sawa katika lugha hizo zote. Kila upande unaweza kuyachukua matokeo hayo kuwa yake. Mimi nayasoma hivi: kinywa huweka mwanzo na mwisho wa safari, lugha hupanga vituo vya katikati.

Na vituo hivyo vya katikati si jambo dogo, kwa sababu ndivyo mtoto anavyopimwa. Jedwali la umri wa kutarajia kila sauti, lililotengenezwa kwa Kiingereza, halina la kusema juu ya "ng'ombe", kwa kuwa Kiingereza hakianzi neno na ng'. Halijui gh ya "ghali" wala mb ya "mbili". Kumwambia mzazi kwamba mtoto wake amechelewa kwa kipimo hicho ni kumwonea mtoto.

Kuna dalili moja, hata hivyo, ambayo namwachia Jakobson na dai lake la njia moja kwa wote bila ubishi, ingawa yeye mwenyewe hakuona uhusiano kati ya kubwabwaja kwa mtoto mchanga na usemi. Watoto wanaosikia vizuri, wa lugha yoyote, kwa kawaida huwa wameanza kubwabwaja silabi kamili, "bababa" au "dadada", kabla ya kutimiza miezi kumi na moja. Kimbrough Oller na Rebecca Eilers walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto viziwi huchelewa zaidi ya hapo. Mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja hivyo asisubirishwe kwa maneno ya "atasema tu". Apelekwe akapimwe masikio.