Otieno wa Fedha na Otieno wa Geti

Kampuni ilileta mfumo mpya wa kuendesha kila kitu: stoo, mauzo, malipo, mishahara. Mimi ni karani wa stoo hapa Obote Road, Kisumu, lakini kwa kuwa niliwahi kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, nikatangazwa msimamizi wa watumiaji. Nyongeza ya mshahara haikutangazwa.

Kumbe kuuweka mfumo kwenye seva ni kazi ndogo. Kazi ni watu: nani aone nini, nani aandike, nani aidhinishe. Mtaalamu kutoka Nairobi alikuja na kanuni yake: jina la kuingilia ni herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, halafu jina la ukoo.

"Bosi, hii ni Kisumu," nikamwambia. "Hapa ukiita Otieno, nusu ya ofisi inageuka."

Akasema kanuni ni ya kimataifa. Basi akina Otieno wetu wanne, John, Joseph, James na Jared, wakawa jotieno, jotieno1, jotieno2 na jotieno3. Akawagawia madaraka mbio mbio, akawahi ndege ya jioni.

Jumatatu, Otieno wa fedha, anayefunga tai hata kwenye joto letu la ziwani, akawasha kompyuta akakuta kidirisha kimoja tu: "Andika namba ya gari." Alibonyeza kila mahali. Mwishowe, kwa hasira, akaandika namba ya gari lake. Mfumo ukamjibu: "Asante. Fungua geti."

Huko getini, Otieno mwingine, soja wetu tunayemwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, alisikia tabuleti yake ikilia. Malipo yanasubiri idhini yako: mabati, shilingi 840,000. Jaduong' hadharau kazi. Akavaa miwani, akafungua daftari la magari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akabonyeza "Kataa". Penye sababu akaandika: "Hilo lori sijaliona."

Kufikia saa saba amekataa karibu yote, na wauzaji wanapiga simu kwa zamu. Mkurugenzi akatoka kwenye korido akapaza sauti, "Otieno!" Wanne wakaitika.

Tulipofika getini, jaduong' alisimama wima, akapiga saluti. "Niliulizwa, nikajibu."

Mkurugenzi akaanza kusoma majibu. Mfumo kama huu ulitakiwa kulinganisha LPO (hati ya kuagizia mali), hati ya kupokea mzigo na ankara kabla ya kumwomba mtu idhini, ila mtaalamu alikuwa ameuzima ukaguzi huo "kwa muda". Nikakimbia stoo kuangalia. Mabati hayakuwapo. Saruji nayo haikuwapo. Otieno wa fedha akalegeza tai. Mkurugenzi akafika kwenye bili ya umeme: "Stima haijapita hapa getini." Hiyo ikabidi tumwombe jaduong' aiangalie upya, kwa heshima.

Nikampigia mtaalamu abadilishe madaraka. Akasema tuandike ombi, litashughulikiwa ndani ya siku 5 za kazi. Mkurugenzi akasema hana haraka.

Shida ni kwamba ulikuwa mwisho wa mwezi. Alhamisi tabuleti ikalia tena: mishahara ya wafanyakazi wote inasubiri idhini. Mimi natokea Kondele, na matatu za asubuhi ni za Mungu. Nikachungulia dirishani, nikamwona jaduong' akivaa miwani. Daftari la magari akaliweka kando, akachukua lile la wanaochelewa.