Simu ni Yangu, Sasisho ni la Nani?

Ijumaa moja katikati ya msimu wa korosho, katika stendi ya Mkanaledi mjini Mtwara, wakala wa huduma za fedha alikuwa na wateja wanane mbele ya meza yake, baadhi yao wakiwa wameshuka na basi la asubuhi kutoka Tandahimba, pale simu yake ilipojizima na kuwaka tena ikiwa na maandishi ya kumtaka asubiri. Asilimia zilipanda moja moja. Kwa dakika 20 na ushei hakuweza kutoa wala kupokea fedha, na wateja, baada ya kuguna kidogo, wakahamia meza ya jirani. Kijana huyo alikiri kwamba wiki nzima alikuwa akibonyeza "baadaye" kila ujumbe wa kusasisha ulipojitokeza. Safari hii simu haikumuuliza.

Kisa ni kidogo, lakini kinabeba swali zito: kuhusu programu iliyo ndani ya simu niliyoinunua kwa fedha yangu, ni nani mwenye kauli ya mwisho ya kuibadilisha, mimi au kampuni iliyoitengeneza?

Wanaotaka kauli hiyo ibaki kwa kampuni hawasemi ovyo. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika mfumo wake wa Windows; miezi miwili baadaye kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo na kuvuruga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ambako wagonjwa waliahirishiwa miadi na upasuaji. Dawa ilikuwepo, ila kompyuta nyingi zilikuwa hazijainywa. Mei 2019 WhatsApp nayo iliwahimiza watumiaji wake, wakati huo wakiwa takriban bilioni 1.5, wasasishe programu baada ya kugundulika kwamba mtu aliweza kupandikiziwa programu ya kijasusi kwa kupigiwa tu simu, hata asipoipokea. Katika shambulio la namna hiyo uangalifu wa mtumiaji haumsaidii, kwa kuwa hakuna kiungo alichobonyeza wala neno la siri alilolitaja. Tena simu ya wakala si yake peke yake kwa maana halisi, maana ndani yake hupita fedha za watu ambao hawajawahi kuulizwa kama wanakubali hatari anayoiahirisha. (Tusikuze mambo, hata hivyo: matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawahitaji tundu lolote la programu, na hakuna sasisho litakalowazuia.)

Upande wa pili una kumbukumbu zake, nazo ni chungu. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa, kwa maelezo kwamba ilitaka kuzizuia zisizime ghafla. Huenda sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kutowaambia wenye simu, na Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 25 kwa kosa hilo. Italia ilikuwa imetangulia mwaka 2018, ikaitoza Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kuhusiana na masasisho yaliyodhoofisha simu za zamani. Mtu aliyenunua simu mpya kwa sababu ya zamani "imechoka" ana haki ya kujiuliza ni nani aliyeichosha.

Kwetu kusini malalamiko huanzia chini zaidi, kwenye bando. Mipangilio ya simu inashauri kupakua kwa Wi-Fi, ushauri mzuri kwa mwenye Wi-Fi. Mkulima wa Newala au Nachingwea hutumia bando la siku, na sasisho la gigabaiti moja humaliza bando hilo kabla hajafungua ujumbe hata mmoja. Simu yenye ujazo mdogo nayo humtaka afute picha za watoto ili kupisha kitu ambacho hakukiomba.

Kuna jambo ambalo wadai haki ya mtumiaji hulipita haraka, nalo ni kurudi nyuma. Simu nyingi za sasa huzuia kurejesha toleo la zamani, na kizuizi hicho si ukaidi mtupu: kama mlango huo ungekuwa wazi, mwizi angeirudisha simu kwenye toleo lenye tundu linalojulikana, kisha apite humo. Basi anayekubali sasisho mara nyingi anakubali jambo lisilotenguka, na hiyo ndiyo sababu ya kumtaka aulizwe vizuri kabla, kwa lugha anayoielewa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Galaxy Note 7. Desemba 2016, baada ya betri za simu hizo kuwaka moto na simu kuondolewa sokoni, Samsung iliamua kutuma Marekani sasisho la kuzizuia zisichaji kabisa. Hakukuwa na hoja ya usalama iliyo wazi kuliko hiyo, kwa kuwa simu inayoungua chini ya mto humdhuru aliyelala kando yake pia. Hata hivyo, Verizon, kampuni ya mtandao wa simu ya huko, ilikataa kwanza kulisambaza, ikihofia kwamba mteja angebaki bila simu msimu wa sikukuu, akiwa safarini au katika dharura, kabla ya kukubali kulisambaza Januari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nakubali. Lakini fundi wa ufa hupiga hodi, wala hapaswi kuingia na makochi mapya akiyaita saruji. Ninachokikataa hasa ni mchanganyiko huo. Kiraka cha usalama kije peke yake, kikiwa chepesi, na mwenye simu apewe siku kadhaa za kuchagua saa, kisha kiwekwe hata kama amesahau. Sura mpya, programu za ziada na toleo jipya la mfumo mzima viwe hiari yake moja kwa moja, na akikataa asinyimwe viraka. Kampuni zitasema kuhudumia matoleo mengi ni gharama, na ni kweli. Gharama hiyo sasa inalipwa na mwenye bando.

Mjadala huu wote, lakini, unamhusu aliyebahatika kuletewa sasisho. Simu nyingi za bei nafuu hutelekezwa mapema, na mwenye nayo hana cha kukubali wala kukataa. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa huko ziletewe masasisho kwa miaka isiyopungua 5 baada ya aina husika ya simu kuacha kuingizwa sokoni, na Uingereza tangu Aprili 2024 inamtaka mtengenezaji aseme waziwazi muda ambao viraka vya usalama vitatolewa. Katika maduka ya simu ya Mtwara boksi linataja ukubwa wa kamera na nguvu ya betri. Tarehe ya mwisho ya viraka haimo, na muuzaji ukimuuliza hukuonesha kioo.