Visby haitoshi sentensi moja

Makala yenu juu ya mfalme Valdemar wa Nne inamsifu kwa kuikomboa Denmark, na ni haki yake. Alipoupata ufalme mwaka 1340, nchi ilikuwa imekaa miaka 8 bila mfalme, na karibu yote ipo rehani kwa makabaila wa Holstein, kaskazini mwa Ujerumani. Akairudisha kipande kwa kipande, kwa kodi, kwa vita, hata kwa kuiuza Estonia mwaka 1346 kwa maki 19,000 za fedha.

Lakini mwandishi ameipita Visby, mji wa kisiwa cha Gotland katika Bahari ya Baltiki, mbiombio kwa sentensi moja, na hilo limeniuma. Julai 1361 jeshi la mfalme huyuhuyu liliwakabili wakulima wa Gotland nje ya ukuta wa mji. Wenye mji hawakuwafungulia lango. Wakulima takriban 1,800 walikufa, wakiwamo wavulana na wazee wengi, wakazikwa harakaharaka na deraya zao mwilini. Waliofukua makaburi karne ya 20 walikuta mafuvu bado yamevikwa kofia za minyororo ya chuma! Naomba makala iongezewe aya yao. Msalaba wa jiwe uliosimikwa pale ungali upo, na maandishi yake yanamwambia mpita njia: waombeeni.