Anga la Tanga si shamba la bibi

Kila Desemba tunaorudi Tanga kutoka nje tunaleta droni kwenye masanduku, na kila Desemba nasikia maneno yale yale: "Huku nani atakuuliza? Rusha tu." Wanaosema hivyo ni watu ambao kule wanakoishi hawathubutu kuinua kidude hicho bila kuangalia simu kwanza. Jambo hili linaniuma.

Mimi naishi Columbus, Ohio, mwaka wa 9 sasa. Huku ramani ya anga karibu na viwanja vya ndege imegawanywa miraba, na kila mraba una kimo chake: huu futi 400, ule 200, ule 50, na iliyo jirani na njia ya kurukia imeandikwa sifuri. Ukiomba ruhusa ya kurusha ndani ya kimo hicho kwa LAANC, mfumo wa vibali vya droni wa mtandaoni, jibu huja kabla hujamaliza kukaza mapanga. Lakini Jumamosi chuo kikuu kinapocheza mpira wa Kimarekani kwenye uwanja wake unaoingiza watu zaidi ya 100,000, anga hufungwa maili 3 za baharini kuuzunguka na futi 3,000 kwenda juu, tangu saa moja kabla ya mchezo hadi saa moja baada ya kwisha. Majirani zangu wanaorusha droni wanalijua hilo kama tunavyojua saa za maji kupwa na kujaa.

Ilani za kufunga anga namna hiyo zinaitwa notamu (NOTAM). Marubani wa ndege kubwa wanazitegemea kuliko abiria wanavyodhani: tarehe 11 Januari 2023 mfumo wake ulikwama hapa Marekani, na ndege za safari za ndani zikazuiwa kuondoka nchi nzima asubuhi ile.

Kinachowakimbiza wengi ni lugha yake, kwa hiyo naomba nikae hapo kidogo. Herufi A ni mahali. Alama za vituo vya Tanzania Bara na Visiwani huanza na HT. B ni kuanza, C ni kwisha, na E ndiyo maelezo yenyewe. F na G, zikiwepo, ni kimo cha chini na cha juu. Muda huandikwa tarakimu 10 mfululizo: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika. Ukikuta B ni 2506140500 na C ni 2506141100, hiyo ni tarehe 14 Juni 2025. Saa zake si za Tanga, ni za dunia, ziko nyuma yetu saa 3. Mtu anaona 0500 anadhani ni alfajiri ya saa kumi na moja, kumbe ni saa mbili asubuhi. Mimi nimejizoeza njia ya mkato: saa ya notamu toa 3, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Tano toa tatu, saa mbili asubuhi. Kumi na moja toa tatu, saa nane mchana. Mpwa wangu wa darasa la sita aliishika mara moja.

Angalia pia kimo kinahesabiwa kutoka wapi. AGL ni kutoka ardhi iliyo chini ya droni, AMSL ni kutoka usawa wa bahari. Raskazone, ufukweni, tofauti yake ni ndogo. Panda Lushoto, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, uchanganye hizo mbili, umepotea kabisa.

Nyumbani nako sheria ipo. Kanuni za droni zilitoka 2018, ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli yake. Harusi ya binamu yangu, Ngamiani, nilianza kuomba wiki 3 kabla, kwa mazoea ya huku ya kubonyeza na kujibiwa. Siku ya harusi kibali hakikuwa mkononi. Vijana wakanishika: "Mjomba, rusha, mbona wapiga picha wanarusha kila wiki?" Sikuirusha. Kiwanja chetu cha ndege kiko karibu na mji, na ndege ndogo za Pemba, Unguja na Dar zinakitumia. Ndege inayotua kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 huwa futi 400 tu juu ya ardhi ikiwa imebakiza kilomita 2 na kitu. Kimo hicho ndicho droni zetu zinachofika. Ndani ya ndege ile huenda yumo mama wa mtu anatoka matibabuni.

Ninachotamani kwetu si kulegeza. Natamani ile miraba, na ilani za Kiswahili kwenye simu, ili kijana wa Chumbageni anayeishi kwa kupiga picha za harusi ajue kabla ya saa moja asubuhi kama leo anga limefungwa. Mtu akingoja barua asiyojua itafika lini, atarusha bila barua.

Lakini kuna kitu nyumbani kilinifundisha ambacho LAANC haina. Kanuni za anga za Marekani zinaangalia usalama wa ndege. Faragha imeachiwa majimbo. Shangazi yangu alipoiona droni mezani hakuuliza futi wala kibali. Aliuliza: "Mwanangu, hiki kinaona uani?" Nikamwambia kinaona. Uani ndiko wanawake wanakopika na kusukana bila mtandio, na ukuta umejengwa kwa ajili hiyo. Hakuna mraba kwenye ramani yoyote uliochorwa kwa ajili ya ukuta ule.

Kwa Desemba hii nimeanza makaratasi tangu Juni. Na shangazi nimempigia simu kumwomba ruhusa yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Jumamosi, baada ya Alasiri, tukishajitanda. Magharibi ukishushe. Na upande wa nyumba ya tatu usipite, kuna mtu yuko eda."