Ziwa Lipo, Chanzo Hakipo

Alfajiri pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hata mtoto aliyefungwa mgongoni na khanga anajua kwamba dagaa huanikwa juani. Anawaona, anawanusa, na khanga yenyewe imeshashika harufu. Haya, nenda Wikipedia uandike hivyo hivyo: "Dagaa wa Mwanza huanikwa juani." Chai haijapoa, ameshatokea mtu, sijui yuko Songea sijui yuko Sweden, amekubandikia alama pembeni ya sentensi: chanzo kinahitajika. Chanzo? Bwana wee, chanzo si hilo jua!

Jua halikubaliki. Pua haikubaliki. Mama aliyeanika dagaa miaka thelathini, anayejua kwa kugusa tu kama mzigo utafika sokoni au utaoza njiani, naye hakubaliki. Anayekubalika ni kijana aliyekuja siku mbili na daftari, akamuuliza yule mama maswali kumi, akarudi chuoni akayachapisha. Hapo maneno ya mama yamegeuka elimu. Mama mwenyewe akiyaandika, ataambiwa ni utafiti binafsi, na utafiti binafsi Wikipedia hauna kiti.

Kinachouma zaidi ni kwamba hao wakorofi wako sahihi. Maana hapo hapo Mwaloni, hatua tano kutoka kwa mama, kuna bwana anayeapa kwa Mungu kwamba dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma ni baba mmoja mama mmoja, wametengana kwa nauli tu. Si kweli. Wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, na hana ukoo na sadini. Wa Ziwa Tanganyika ni Stolothrissa tanganicae, na huyo ndiye wa ukoo wa sadini. Kiswahili kiliwapa jina moja kwa sababu wote wadogo na wote wanakwenda na ugali. Ndiyo maana ukurasa unaoitwa "Dagaa" unahitaji kugawanywa: ukurasa wa maana mlangoni, yaani orodha ya wote wenye jina hilo, halafu kila samaki na makala yake. Usipofanya hivyo, kila mhariri anamimina anachokijua, na mwisho unapata samaki mmoja anayevuliwa kwenye maziwa mawili bila kupanda basi.

Basi umekubali, umetafuta chanzo, umekipata kwenye ripoti ya watafiti wa uvuvi. Unadhani yameisha? Sasa ndiyo uingie kwenye kibodi ya simu. Tanbihi hufunguliwa kwa <ref> na kufungwa kwa </ref>. Ule mkwaju wa katikati (/), ambao si wa juisi, ndio unaoharibu usiku wa watu wengi. Ukiusahau, makala inatoa onyo jekundu kwamba kifungio hakijaonekana, na unabaki kutafuta alama moja kwenye aya tatu kama mtu anayetafuta mfupa kooni. Mabano ya mraba ya viungo, vile vya kumpeleka msomaji makala nyingine, nayo hayakai na herufi: bonyeza kitufe cha namba, kisha kitufe cha alama za ziada, ndipo uyakute yamejificha na yale mabano yenye viuno ya vigezo, vile vipande vilivyoandaliwa tayari kubandikwa kwenye makala. Na yote yanakwenda mawili mawili. Fungua mawili, funga mawili. Ukifunga moja, kigezo kizima kinamwagika ukurasani na wasomaji wanaona utumbo wa makala.

Dawa ipo lakini nani anaifuata? Fanya majaribio kwanza kwenye ukurasa wako wa mazoezi, bofya kuona hakikisho kabla ya kuchapisha, na maandishi marefu yanakili pembeni kwenye simu. Hilo la mwisho si ushauri wa kitaalamu, ni ushauri wa TANESCO na bando.

Ukimaliza, unakwenda kwenye ukurasa wa majadiliano kujieleza. Huko unatia sahihi kwa viwimbi vinne: ~~~~. Vinne vinatoa jina na wakati. Vitatu vinatoa jina peke yake. Vitano vinatoa wakati bila jina, kama barua ya vitisho. Sasa huo wakati wenyewe ni kisa kingine. Umeandika saa tatu asubuhi. Simu inasema 9:00. Sahihi inasema 06:00, kwa sababu saa ya Wikipedia iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mtu mmoja, kikombe kimoja cha chai, saa tatu, saa tisa na saa sita. Atakayesoma atadhani uliamka na majogoo kugombania dagaa.

Tuje kwenye kata. Fungua makala za kata za Tanzania, utakuta sentensi moja imepita kila mahali kama daladala: hii ni kata ya wilaya fulani, na wakati wa sensa ya 2012 ilikuwa na wakazi wapatao elfu kadhaa, mia kadhaa na saba, waishio humo. Wapatao, halafu na saba! Yule wa saba walimkadiria? Na "waishio humo" ni kwa ajili ya nani? Kuna wakazi wa Igoma wanaoishi Bukoba?

Kurekebisha si kazi ngumu, ni kazi ya kuchosha, na kazi ya kuchosha ndiyo iliyojaa huko. Sensa ya 2022 imeshatoka. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa watu 3,699,872, kutoka 2,772,509 wa mwaka 2012. Vitu vitatu lazima vihame pamoja: idadi, mwaka na tanbihi. Mhariri mwenye haraka anabadilisha idadi tu, anaondoka. Sasa una watu wa 2022 wanaoishi mwaka 2012, na tanbihi inayoelekeza kwenye ripoti isiyo na hata mmoja wao. Mwingine anakuja kuhakiki, anaona namba haifanani na chanzo, anairudisha ya zamani kwa nia njema kabisa. Wa kwanza anakasirika. Wote wawili ni watu wazuri, na watoto wao wamelala njaa ya baba.

Geita je? Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Lakini mtu akifungua atlasi aliyosomea darasa la tano, anaona Geita iko Mwanza, anafanya wema, anairudisha. Uzuri ni kwamba ana chanzo! Kimechapishwa, kina jalada, kina muhuri wa shule. Ndipo unajifunza kwamba chanzo nacho kina umri, na kabla ya kukiamini angalia mwaka wa kuchapishwa kama unavyoangalia jicho la sato sokoni.

Halafu kuna neno "hivi karibuni". Hili lipigwe marufuku na mgambo. Makala inasema daraja la Kigongo hadi Busisi linajengwa na litafunguliwa hivi karibuni. Hivi karibuni ya lini? Daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, magari yanapita, abiria wamesahau hata rangi ya kivuko, lakini makala bado imekaa kwenye foleni inasubiri pantoni. Andika "kufikia Machi 2024 ujenzi ulikuwa unaendelea", na sentensi hiyo itabaki kweli hata wajukuu wakiisoma. "Sasa", "mwaka huu", "siku hizi", "mkuu wa mkoa wa sasa": hayo yote ni samaki wabichi, usiyaache mezani.

Ziwa lenyewe ndiyo usiniulize. Kwanza jina: Viktoria kwa k au Victoria kwa c? Wikipedia ya Kiswahili imeliweka kwa k, na bado kuna mtu anaamka kila baada ya muda kuikomboa c. Waganda wana Nalubaale, Wajaluo wana Nam Lolwe, na wengine wanasema Nyanza inatosha. Majina yote hayo yana nafasi kwenye aya ya kwanza, na kila moja lina mlinzi wake. Pili, ukubwa. Chanzo kimoja kitakwambia kilomita za mraba 68,800. Kingine kitakwambia 59,947. Hapo katikati zimepotea karibu kilomita za mraba 9,000 za maji, na sangara ndani yake! Mtu wa haraka anachagua anayoipenda. Mwingine anatafuta wastani, na huyo ndiye mbaya zaidi, maana amezaa namba isiyo na baba wala mama. Andika zote mbili, kila moja na tanbihi yake, msomaji apambane na hali yake.

Sasa wapo wanaoona kuandika ni shida, wakagundua mashine ya kutafsiri. Makala ya Kiingereza inaingia huku, Kiswahili kinatoka kule, dakika nne. Hongera. Ila mashine haijawahi kuona ziwa. Kiingereza kina neno moja kwa ukingo wa mto na kwa benki, basi msomaji wa Ukerewe anaambiwa mvuvi alilala kwenye benki ya mto. Kina neno moja kwa kundi la samaki na kwa shule, basi sato wanaogelea katika shule kubwa, sare hatujui rangi gani. Kifaa cha kutafsiria cha Wikipedia chenyewe huonya ukiacha maandishi ya mashine bila kuyagusa, lakini onyo ni kama alama ya kupunguza mwendo barabarani: bodaboda anaiona, anaisalimia, anapita. Kisha anayesafisha anatumia saa mbili pale ambapo mwenzake alitumia dakika nne. Mara nyingi ni afadhali kufuta yote na kuandika aya mbili za kweli, kubandika chini kigezo cha mbegu, kinachosema makala bado ni fupi, na kungoja mvua.

Usitegemee shukrani. Kwenye historia ya ukurasa kila badiliko lina namba: ulichoongeza kinaonyeshwa kwa kijani, kilichoondolewa kwa nyekundu. Umeongeza baiti 1,204, kijani safi, umelala na raha. Asubuhi kuna nyekundu ya 1,204 kamili, hata moja hajakuachia ya nauli. Hapo ndipo ubinadamu unapopimwa. Ukiirudisha, naye atairudisha, na Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kwamba ukitengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja unaweza kufungiwa. Soma kwanza muhtasari wa hariri, ule mstari mfupi wa sababu. Kama ameandika "hakuna chanzo", leta chanzo. Kama ameacha patupu, muulize kwenye majadiliano. Kama ameandika "upuuzi", kanywe kahawa kwanza.

Na wakati hayo yanaendelea, jirani anauliza unalipwa shilingi ngapi. Hulipwi. Bando la nani? Lako. Anakuangalia vile watu wanavyomwangalia mtu anayeongea peke yake kituo cha daladala. Lakini subiri jirani huyo huyo ajue unaweza "kuweka watu mtandaoni". Kesho anamleta shemeji yake mgombea. Shemeji ana maelezo tayari: mchapakazi, mcha Mungu, kipenzi cha vijana na wazee. Ukiondoa sifa, kinabaki jina na tarehe ya kuzaliwa, nayo tarehe anaomba ipunguzwe kidogo. Mweleze taratibu: makala inahitaji vyanzo visivyo vyake, vilivyoandika habari zake kwa kina bila yeye kuwalipa. Kalenda ya kampeni si chanzo. Fulana pia si chanzo.

Picha nayo kaleta. Unamuuliza ni ya nani. "Yangu." Nani alipiga? "Mpiga picha wa harusi, lakini ni yangu, si unaona mimi niko humo?" Hapo unaanza somo upya. Kwa kawaida mwenye haki ya picha ni aliyebonyeza kitufe, siyo aliyetabasamu. Wikimedia Commons, ghala la picha la Wikipedia, inataka mpiga picha mwenyewe akubali leseni huru, inayomruhusu yeyote kuitumia, hata kuiuza, mradi amtaje mpiga picha. Ukiichota Facebook, itafutwa. Mwamba wa Bismarck hauna shida hiyo: nenda na simu yako, piga, pakia, andika tarehe. Zima tu kwanza utambuzi wa mahali kama unapigia nyumbani kwako, maana faili hubeba viwianishi hadi mlangoni.

Turudi kwa dagaa. Sentensi yetu imekaa wiki kadhaa na alama yake pembeni, hakuna aliyeifuta, hakuna aliyeisaidia. Siku moja inatokea tovuti ya habari na makala ya uvuvi, na ndani yake, neno kwa neno: "Dagaa wa Mwanza huanikwa juani." Chanzo hicho! Mhariri anaruka, anakibandika, anaondoa alama, wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wanapumua.

Ila kuna mmoja mwenye roho mbaya anafungua historia ya ukurasa. Anatazama sentensi iliingia tarehe ngapi, anatazama habari ilichapishwa tarehe ngapi. Habari ni ya baadaye. Mwandishi wa habari kainakili Wikipedia, na Wikipedia sasa inamtaja mwandishi wa habari, wameshikana mikono wanazunguka kama ngoma ya arusi, na katikati hakuna bibi arusi.

Tanbihi inang'olewa. Alama ya chanzo kinahitajika inarudi mahali pake, pembeni ya dagaa. Ambao, kwa taarifa yenu, walishakauka tangu juzi.